Uionee Aibu Raundi ya Kwanza

Mpanda
12 Februari 1995

Dada Eufrazia,

Nakuandikia kutoka maktaba, kwenye ile meza yenye mguu mbovu. Afya ninayo. Kitanda chako cha juu amepewa msichana wa kidato cha kwanza ambaye anaongea usingizini, tena anaongea vizuri kuliko mimi nikiwa macho. Alfajiri hakuna anayeniita "Odeta, viatu!" Naamka mwenyewe, navaa, natoka uwanjani peke yangu.

Nina habari moja na ombi moja. Habari ni kwamba Mwalimu Lyamba wa michezo ametangaza kuwa mwezi wa tano wilaya itachagua wasichana wawili wa mita elfu moja na mia tano, waende mashindano ya mkoa Sumbawanga. Mwaka jana mlikwenda wewe na Nyanzala. Wewe umeshamaliza kidato cha nne, kwa hiyo nafasi moja iko wazi. Alipouliza nani anataka kuijaribu, niliinua mkono. Darasa zima liligeuka kuniangalia kama vile kabati limeongea.

Nikueleze kwa nini, maana najua utauliza. Ulinisimulia kwamba mwaka jana lori la timu lilisimama Kibaoni muda mrefu, mama yako akaja kutoka Usevya na sufuria la wali. Nikichaguliwa, lori litasimama tena pale, nawe utakuja. Sina njia nyingine ya kukuona. Unajua sisi watoto wa wakimbizi wa Burundi, likizo ikifika kibali changu kinanitoa shuleni na kunipeleka moja kwa moja makazini Litapunga kwa wazazi. Usevya haimo kwenye kibali.

Sasa ombi. Ninaanza vizuri halafu nakufa. Nyanzala amenipa jina, ananiita Kiberiti. Juzi alisema mbele ya watu, "Mwangalieni Kiberiti, shaa! Halafu giza." Walicheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia. Tulipokuwa tunakimbia wote sikuwahi kufikiri chochote. Nilifuata mgongo wako tu. Ulipopunguza nilipunguza, uliposimama nilisimama. Naomba uniandikie yale mazoezi ya raundi na mapumziko, yanafanywaje na mtu asiye na mgongo wa kufuata.

Mdogo wako,
Odeta


Usevya
24 Februari 1995

We Odeta,

Barua yako imeletwa na kaka Telesphor wa lori la Usevya, imelowa mafuta ya samaki, lakini nimeisoma yote. Umeinua mkono! Nimemwambia mama, akasema, "Yule mtoto mpole? Anayekula kama ndege?" Nikasema huyo huyo. Ameahidi kuku, si wali peke yake. Kwa hiyo uchaguliwe, kuku ameshasikia.

Huku mvua imekubali, tuko majarubani kuanzia asubuhi mpaka mgongo ukatae. Sikimbii sana siku hizi. Natembea. Usiulize.

Sasa sikiliza, mwalimu anaongea. Kosa lako nalijua tangu kidato cha kwanza. Raundi ya kwanza unaikimbia kama mtu aliyeiba kuku. Unataka kumaliza aibu ya kuangaliwa. Ndiyo maana unakufa.

Fanya hivi, mara mbili kwa wiki. Zunguka uwanja mara moja, pumzika kidogo, zunguka tena, mpaka zifike sita. Zote sita ziwe na mwendo mmoja. Ya kwanza ikiwa ya haraka kuliko ya sita, umeharibu, hata kama umekimbia kama swala. Utajuaje mwendo ni sahihi? Ukimaliza raundi ya kwanza ukaona aibu, ukasema "lo, nimekwenda kama mama mjamzito anayetoka kisimani," hapo ndipo penyewe. Uionee aibu raundi ya kwanza. Ya tatu itakuwa ya kawaida. Ya tano utaanza kunitukana. Ya sita utajua kwa nini.

Mapumziko yasiwe marefu wala mafupi. Saa hatuna, lakini sisi tuna kitu kizuri kuliko saa. Ukimaliza raundi, sali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, zikiisha unaanza tena hata kama moyo haujataka. Ndivyo nilivyofanya mimi miaka yote ukiniona nanong'ona. Ulidhani naongea na mende?

Jumamosi mwombe Mwalimu Lyamba akupime kwa saa yake. Ana mkono wa birika lakini saa ataitoa.

Nyanzala mwache aseme. Mdomo haukimbii.

Mimi wako,
Eufrazia


Mpanda
18 Machi 1995

Dada Eufrazia,

Nilianza barua hii siku tano zilizopita ikiwa barua ya furaha. Nimeichana. Naandika nyingine.

Nilifanya kama ulivyoniagiza, mara mbili kila wiki, hata siku ya mvua. Na ikawa ajabu. Kila raundi ilikuwa nyepesi. Nilikuwa namaliza mapumziko nikijisikia kama sijakimbia kabisa, kisha natoka tena kwa nguvu mpya. Mwalimu Lyamba alipima Jumamosi ya wiki iliyopita. Raundi zote sita zilikaribiana, na zote zilikuwa za haraka kuliko zako za mwaka jana alizokuwa ameziandika. Aliitazama saa yake, akaigonga, akaiweka sikioni. Akasema, "Binti, umekula nini?" Nilirudi bwenini nikitabasamu peke yangu njia nzima.

Jana kulikuwa na mbio za mabweni, elfu moja na mia tano kamili, bila kusimama. Nilianza kwa ule mwendo wangu niliouzoea. Raundi ya kwanza niliwaacha wote. Raundi ya pili kifua kikafunga kama mlango. Raundi ya tatu walinipita mmoja mmoja, hata yule mtoto anayelala kitanda chako. Nilimaliza wa mwisho. Nyanzala alikuwa amekaa akinisubiri mwisho wa uwanja, amevaa sweta tayari. Akasema, "Kiberiti, karibu. Tulidhani umehamia Tabora."

Mwalimu Lyamba aliirudisha saa yake mfukoni. Alikunja mdomo tu, na hilo liliniumiza zaidi.

Sielewi. Kama raundi sita ninaziweza, kwa nini tatu na robo tatu zinanishinda? Labda mimi ni mtu wa vitabu tu. Nimebakiwa na majuma machache kabla ya mchujo. Nikishindwa nitapita mwaka mzima bila kukuona, na mwakani ni mtihani.

Odeta


Usevya
30 Machi 1995

Odeta,

Futa machozi, tufikiri.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nimeisoma hata nikichuma mboga. Haiwezekani. Mtu anayeweza raundi sita za haraka hivyo, kwa mapumziko ya fungu moja la rozari, hawezi kufa raundi ya pili. Mwili haudanganyi namna hiyo. Halafu umesema unamaliza mapumziko ukijisikia kama hujakimbia. Mimi sijawahi kujisikia hivyo hata siku moja! Mimi nilikuwa nafika Salamu Maria ya kumi natamani ziwe ishirini.

Kwa hiyo mapumziko yako ni marefu. Ukipumzika mno, kila raundi inakuwa mpya, unaikimbia kama ndiyo moja tu duniani, na unauzoea mwendo ambao si wako. Siku ya mbio hakuna mapumziko, mwendo ule unakuua.

Sasa niambie ukweli. Unakaa chini? Nilisahau kuandika usikae. Unatakiwa utembee au ujikokote mchakamchaka wa polepole. Na unasali vipi? Kwa mwendo gani? Maana kuna Salamu Maria za Usevya, za bibi zetu msibani, zinakimbia kama mvua kwenye bati, na kuna zile za kwaya ya Mpanda mjini, mtu anavuta "Mariaaa" mpaka unapata usingizi. Mimi ni za Usevya.

Niandikie unavyosali, neno kwa neno, na ni za wapi. Usinifiche.

Eufrazia


Mpanda
9 Aprili 1995

Dada Eufrazia,

Kukaa, nilikuwa nakaa. Hapa shuleni mapumziko ni kengele ya saa nne, watu wanakaa wanakula mihogo, basi nami nikakaa. Baada ya barua yako nililitafuta neno lenyewe kwenye kamusi ya maktaba, nikaona pumzika lipo jirani kabisa na pumzi. Kupumzika ni pumzi kurudi, si makalio kufika chini. Nilijiona mjinga. Hilo ni kosa dogo.

Kosa kubwa ni hili. Umesema neno kwa neno, na siwezi, kwa sababu sijui Salamu Maria. Najua mwanzo wake. Katikati huwa nanung'unika.

Mimi si Mkatoliki, dada. Baba yangu ni mzee wa kanisa la Pentekoste kule Litapunga. Jumapili ya kwanza ya kidato cha kwanza, walipotangaza kila dhehebu lipange mstari wake getini, sikumjua mtu yeyote na sikujua nisimame wapi. Wewe ulipita, ukanishika mkono, ukasema, "Njoo, tutachelewa." Hukuniuliza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenishika mkono tangu nifike shuleni. Ningesemaje? Nikaenda. Jumapili iliyofuata ilikuwa vigumu zaidi kusema, na ile nyingine vigumu zaidi. Nilijifunza wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti. Kwenye komunyo nilikuwa nakuambia nina kichefuchefu au sijaungama. Mwezi wa rozari nilikuwa nachezesha midomo. Mwaka huu umeondoka, nimerudi mstari wa Pentekoste, na pale pia sina ninayemjua, maana miaka yote sikuwapo.

Ulipoandika Salamu Maria kumi, niliona haya kumwuliza mtu, na pia niliogopa. Niliona si vizuri kuchukua sala ya watu na kuifanya saa ya miguu yangu. Nikaweka Baba Yetu kumi badala yake, kwa Kirundi, polepole, kama baba anavyosali, anayetulia kila baada ya mstari. Baada ya barua yako nilimwomba Mwalimu Lyamba anipimie. Ni ndefu mara mbili ya zenu ninazozisikia bwenini, na zaidi.

Nimekudanganya kuanzia Jumapili ya kwanza. Ukiona usiniandikie tena nitaelewa.

Odeta


Mpanda
28 Aprili 1995

Dada Eufrazia,

Lori la Usevya limekuja mara mbili. Nimekwenda sokoni mara zote mbili kumwuliza kaka Telesphor. Mara ya pili alisema, "Leo hakuna, binti. Labda ana kazi." Alisema kwa upole, kwa hiyo nadhani anajua.

Sijakimbia wiki hii. Nasoma tu.

Odeta


Usevya
5 Mei 1995

Mdogo wangu Odeta,

Nisamehe. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, halafu nikakasirika siku nyingi. Kichefuchefu! Miaka miwili nilikuwa nakuombea tumbo lako lipone. Niliwahi hata kuweka nia ya Misa kwa ajili yake.

Lakini hasira yangu haikuwa ya haki, na sasa nikuambie kwa nini ilikuwa kubwa hivyo. Mimi pia nimekuficha kitu. Nakwenda utawa. Nimeshapokelewa kwa masista Sumbawanga, ninaondoka mwisho wa mwezi huu. Nilijua tangu kidato cha tatu. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimekupangia mambo bila kukuuliza, kama kawaida yangu. Nilimwambia Sista Emerensiana, anayetupokea, kwamba mimi natangulia, na yuko mwenzangu Mpanda, mpole, msomaji, mcha Mungu, atanifuata akimaliza shule. Alikuandika kwenye hesabu ya vitanda vya miaka ijayo! Nilikuwa nimeona kabisa tukilala vitanda viwili jirani kama bwenini. Kumbe mwenyewe ni Mpentekoste mwenye kichefuchefu.

Sikukuuliza getini, na sikukuuliza juu ya hili. Wewe ulinyamaza, mimi sikuuliza. Tugawane.

Nimemwambia Sista Emerensiana ukweli alipopita parokiani kwetu. Akacheka mpaka akavua miwani.

Kwa hiyo Kibaoni hutanikuta, nitakuwa nimeshaondoka. Lakini mashindano yenyewe ni Sumbawanga, na mimi nitakuwa Sumbawanga. Ukichaguliwa tunaweza kuonana huko. Usiache kukimbia sasa hivi, kwa ajili ya Mungu wa kwetu na wa kwenu, ambaye nasikia ni mmoja.

Mazoezi. Achana na sala, sali wakati wa kusali. Ukimaliza raundi, tembea, usikae, na useme kitu kwa sauti. Sentensi ya kawaida, yenye maneno kama kumi. Mwanzoni itakatika kila neno moja. Endelea kutembea ukiisema. Siku itakapotoka yote kwa pumzi moja, hata kama sauti bado inatetemeka, anza raundi. Usingoje iwe tamu. Huo ndio muda wako, haufanani na wa mtu mwingine, na hautapungua kwa kuwa bibi wa Usevya wana haraka.

Na ile ya kwanza uionee aibu.

Dada yako,
Eufrazia


Mpanda
27 Mei 1995

Dada Eufrazia,

Natuma kwa anwani ya masista Sumbawanga kama kaka Telesphor alivyonielekeza. Natumaini umefika salama na kitanda cha jirani amepewa mtu asiyekoroma.

Nilipopata barua yako nilikwenda uwanjani jioni ile ile na viatu vya shule.

Tatizo la sentensi lilikuwa nimwambie nani. Sikuwa na mtu. Nilichagua nguzo ya goli, ile ya upande wa jikoni. Kila nikimaliza raundi nilikuwa naiendea nikiiambia, "Leo asubuhi tumekunywa uji usio na sukari na mpishi amekataa kuulizwa." Mara ya kwanza niliishia kwenye uji. Nilikuwa natembea nikiizunguka, "Leo. Asubuhi. Tume. Kunywa." Siku ya tatu Nyanzala alikuwa anafua karibu na bomba. Akaniita, "Odeta! Nguzo imekujibu nini?" Nikamjibu bila kufikiri, "Imesema ufue na kola." Dada, alicheka kicheko cha kweli. Sikujua kwamba ninaweza kuchekesha mtu.

Raundi zangu sasa ni za polepole kuliko zile za mwezi wa tatu. Mwalimu Lyamba alipopima alisikitika, akasema, "Ulikuwa na spidi, imekwenda wapi?" Nilitaka kumweleza ila nikaona haya. Raundi ya kwanza naionea aibu kweli, watoto wa kidato cha kwanza wananipita wakiwa wanacheza tu. Lakini ya sita ni ileile ya kwanza. Nimeijaribu ndefu bila kusimama na kifua hakikufunga.

Mchujo wa wilaya ulikuwa juzi. Tulikuwa wasichana wa shule zote, wengine wametoka mpaka Mwamkulu kwa miguu asubuhi hiyo hiyo na bado walikuwa na nguvu. Walipotoka nilibaki nyuma, nikasikia mtu anasema, "Huyo wa mwisho anaumwa?" Raundi ya pili nilianza kuwakuta. Sikuongeza, wao ndio walikuwa wanarudi. Mwishoni Nyanzala alikuwa wa kwanza, na mimi wa pili. Alinigeukia akihema, mikono magotini. Akasema, "Kiberiti. Leo umekuwa jiko la mkaa."

Baba ameshakwenda kwa mkuu wa makazi kuniombea kibali cha kutoka nje ya wilaya. Amekipata. Amenitumia na ujumbe, anauliza huyo rafiki yangu wa Sumbawanga ni mtu wa kanisa. Nimemjibu ndiyo, sana.

Tutafika Sumbawanga tarehe 22 mwezi wa sita. Mbio zangu ni tarehe 24.

Odeta


Sumbawanga
14 Juni 1995

Odeta wangu,

Nimeipata barua, nimeruka ukumbini na nimekemewa. Hapa haturuki.

Naandika kwa haraka. Hapa baridi ni kali, njoo na sweta mbili. Nimevaa gauni la kijivu na kitambaa kichwani, tuko tisa, tunafanana kama maharage. Naamka na kengele, nakula na kengele, nanyamaza na kengele. Sijasema kwamba sina furaha. Lakini jioni tukinyamaza huwa nakumbuka kelele za bweni letu.

Kitu cha lazima ukijue ni hiki. Kuanzia tarehe mosi Julai tunaingia mwaka wa malezi. Mwaka mzima hatuandiki barua na hatupokei. Zikija Sista Emerensiana anaziweka, tunapewa mwaka ukiisha. Wageni pia hakuna. Kwa hiyo ni siku hiyo ya mbio tu.

Nimeomba ruhusa ya kuja uwanjani. Sista amesema ataona. Akisema ataona huwa anaona, lakini hujui ameona nini. Nikija tutakuja wote tisa na sista mmoja, tutasimama pembeni kwenye kamba, na hatutapiga kelele. Mbio zikiisha nitakuja kukushika mkono, hilo nimeliomba kwa jina lake.

Usiniangalie ukikimbia. Kimbia.

Eufrazia


Sumbawanga
24 Juni 1995, jioni

Odeta,

Nilikuwepo.

Sijui kama uliniona. Tulifika saa tatu kama ratiba ilivyosema, na ruhusa yetu ilikuwa mpaka saa sita, kwa sababu ya sala ya mchana. Nani alijua mgeni rasmi atachelewa hivyo? Tulisimama kwenye jua na baridi kwa pamoja tukitazama viti vyake vitupu. Mlipopangwa kwenye mstari ilikuwa imebaki kidogo tu. Sista anayetuchunga alikuwa anaangalia saa yake kila mara, na mimi nilikuwa nainuka kwa vidole vya miguu kila mara.

Mlianza. Wenzako walikimbia kama walioiba kuku, wote. Ulikuwa wa sita, halafu raundi ya pili wa sita tena, peke yako, mbali nyuma ya wale watano. Mwenzangu mmoja alininong'oneza, "Pole, rafiki yako hawezi." Sikumjibu, maana tumekatazwa kuongea, lakini nilitaka kumwambia aangalie mabega yako. Yalikuwa yametulia. Hujawahi kukimbia vizuri hivyo nyuma ya mgongo wangu.

Halafu Sista akasema "Twendeni." Nilisema bado raundi mbili. Akasema, kwa upole kabisa, "Eufrazia, kengele haina raundi." Tukageuka. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari wetu ili nichelewe. Tulipofika barabarani nilisikia uwanja mzima unapiga kelele na sikujua ni kwa ajili ya nani. Sikugeuka. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza hapa na sijui kama nimefaulu au nimekuacha tu.

Sijui uliishia wa ngapi. Nikipewa jibu lako itakuwa mwakani. Nimemwomba Sista Emerensiana aipeleke barua hii kwa mwalimu wenu kesho asubuhi kabla lori halijaondoka.

Mkono wako sikuushika. Nimeutaka sana.

Eufrazia


Mpanda
2 Julai 1995

Dada Eufrazia,

Barua yako nilipewa nikiwa nimeshapanda lorini. Hii utaisoma mwakani. Sista Emerensiana ataiweka. Naiandika sasa ili nisije nikaikumbuka vibaya.

Nilikuona. Uliniambia nisiangalie na niliangalia. Niliijua tu namna yako ya kusimama, uzito wote mguu mmoja, hata ndani ya gauni la kijivu. Raundi ya kwanza nilipopita ulikuwepo. Raundi ya pili ulikuwepo. Halafu nikiwa upande wa pili wa uwanja, mbele ya jukwaa la mgeni rasmi, nikaona mstari wa kijivu unageuka.

Nilikuwa wa sita na nilikuwa na nguvu. Unaelewa, dada? Nilikuwa nazo. Ningeweza kuzitoa zote pale pale. Ningewapita wale watano kabla hamjafika kwenye kona ya barabara, na wewe ungegeuka, ungeniona wa kwanza. Miguu ilishaanza kutaka. Nilijua pia nini kingefuata, maana nimekufa mara nyingi, naijua njia yake. Ungeniona wa kwanza, ungekwenda na furaha, na mimi ningezima nyuma ya mgongo wako, wa mwisho, na usingejua mpaka mwakani.

Sikuongeza. Nilishika mwendo ule ule. Nilikuona unaondoka ukiwa wa mwisho kwenye mstari, na nilikuacha uende ukijua kwamba mimi ni wa sita.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu uwanjani niliyemjua isipokuwa Nyanzala aliyekuwa mbele yangu. Wa kwanza kurudi alikuwa yeye. Nilipompita alisema, "Nenda, nenda," bila pumzi. Kisha nikawapata wengine wawili, mmoja baada ya mwingine, kwenye raundi ya mwisho. Kelele ulizosikia barabarani zilikuwa za msichana wa Nkasi aliyeshinda. Nilikuwa wa tatu. Wanaokwenda mbele ni wawili, kwa hiyo mimi nimerudi Mpanda. Wa tatu nilipewa kalamu, na ndiyo ninayoandikia.

Sikulia uwanjani. Nililia kidogo nyuma ya choo, halafu nikanawa.

Tuliondoka kesho yake, usiku ukatukuta njiani, baridi ilikuwa kama ulivyosema na sweta nilikuwa nayo moja. Lori lilipita Kibaoni bila kusimama. Nyanzala alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye magunia. Akaniuliza, "Wale masista pale kwenye kamba, yule mmoja ni Eufrazia, siyo?"

Nikasema ndiye.

"Mbona hakungoja mwisho?"

Nilitaka kumweleza habari za kengele na ruhusa na mgeni rasmi, nikaona ni ndefu na lori linarusha. Nikamwambia, "Ana mwendo wake." Halafu akafungua kanga yake, akanirushia upande mmoja mabegani, akasema, "Sogea basi, unaniachia baridi katikati."

Nikasogea.

Odeta